Kubadilisha kulanti mwenyewe au nimpelekee fundi? RAV4 Kilitime

chalii_sakina
Wakuu salama? Nina RAV4 Kilitime, nilinunua mkononi kwa mtu mwezi wa tatu, niko nayo hapa Sakina. Jana asubuhi kabla sijawasha nikafungua mfuniko wa rejeta nikakuta maji rangi ya chai ya maziwa, sio pinki sio kijani, chai kabisa. Nikapeleka gereji moja hapa mjini wakaniambia elfu 90, kulanti (yale maji ya rangi ya kupoozea injini) na ufundi na "kusafisha mfumo", kuuliza kusafisha mfumo ndio kufanya nini jamaa ananiambia tunapitisha maji ya bomba. Sasa bomba si hata mimi ninalo kwangu? Gari haichemshi, kila wiki mbili naenda nayo Moshi na kurudi, mshale wa joto hausumbui hata kidogo, tena asubuhi za baridi hizi natoka Sakina nafika Usa River bado umelala chini. Nifanye mwenyewe au nilipe tu yaishe?

pasua_boy
Fanya mwenyewe mangi, elfu 90 hiyo unamlipia mtu kodi ya fremu. Gari iwe sehemu tambarare na injini imelala usiku, sio umeizima nusu saa iliyopita, ukifungua mfuniko wa moto utaungua uso mzima. Chini ya rejeta kuna koki ya plastiki, fungua taratibu kwa mkono, ukiikata na plaizi hapo ndio utaitafuta hiyo gereji kwa miguu. Kinga na beseni halafu pima umetoa lita ngapi, mfumo mzima unabeba kama lita 6 ila koki haitoi zote, nyingine zinabaki kwenye injini. Ndio maana unajaza maji safi, unawasha mpaka feni ipige, unazima, inapoa, unamwaga tena. Mimi yangu ilichukua raundi nne mpaka yakatoka meupe, siku nzima imeisha lakini nilikuwa naangalia mpira huku.

mama_wawili_njiro
Naongezea hapo kwenye maji jamani. Haya maji yetu ya Arusha ndio yaliyowapaka watu meno rangi ya kahawia, na birika langu la umeme ukiangalia ndani limeota ukoko mweupe kama limepakwa chokaa, sasa fikiria vile vijitundu vya rejeta. Kusuuza suuza na bomba, ila raundi ya mwisho na ya kuchanganyia nunua maji ya betri, yale yasiyo na asidi, mwambie muuzaji kabisa asikupe maji makali. Na soma galoni kabla hujamimina, pinki ya Toyota inakuja imeshachanganywa nusu kwa nusu, ukiongeza maji umeiharibu. Ile nzito ndio unachanganya mwenyewe. Halafu usimwage mferejini, hiyo kitu ni tamu, mbwa na kuku wanalamba na ni sumu ya figo.

himo_junction
Mimi nasema lipa. Nilifanya mwenyewe mwaka juzi, nikajaza nikaona imefika mdomoni nikafunga, safi. Moshi mjini wiki nzima mshale katikati. Jumamosi nikapandisha Marangu na familia, ile milima kabla ya Mtoni mshale ukaruka mpaka kwenye nyekundu ghafla, kumbe ndani kulikuwa na hewa, sikuitoa. Hedi gasketi, ile ya kuziba kati ya kichwa cha injini na bloku, ikaondoka, laki nne na nusu na wiki mbili za bodaboda. Hiyo elfu 90 nyie mnaiona kubwa.

pasua_boy
Pole mkuu ila hapo uliwahi kufunga. Unaacha mfuniko wazi, hita ya ndani unaweka moto mwisho, unawasha na kuminyaminya ule mpira wa juu wa rejeta kwa mkono, utaona mapovu yanatoka na maji yanashuka, unaongeza. Yakiisha mapovu ndio unafunga, na kesho yake asubuhi unafungua tena kuangalia.

fundi_mstaafu
Vijana mmekimbilia koki na mapovu, alichoandika mwenye gari mmekiruka. Injini inayotoka Sakina mpaka Usa mshale umelala chini haina themostati, ile vali inayoyazuia maji yasiende kwenye rejeta injini ikiwa baridi, au imekwama wazi. Toyota nyingi inafunguka kwenye nyuzi 82 hivi, kabla ya hapo maji yanazunguka ndani ya injini tu ili ipate joto. Mafundi wengi wanaichomoa gari ikichemsha mara moja, wanakwambia "huku Afrika haihitajiki". Huku Afrika gani, njoo Arusha mwezi wa saba uoshe uso nje saa kumi na mbili. Injini baridi inakula mafuta na inajichosha. Fuata mpira wa chini wa rejeta mpaka unapoingia kwenye injini, fungua kile kikombe inapokaa themostati uangalie. Na mfuniko ukiwa mpira umekauka badilisha, wenye namba ile ile ya presha, 0.9 au 1.1. Tuko mita 1,400 hapa, maji yasiyo na presha yanachemka kwenye 95 tu, huo mfuniko ndio unaoyazuia.

chalii_sakina
Shikamoo fundi. Nimefanya jumapili, nimefungua kikombe nikakuta shimo tupu, themostati hakuna na gasketi imepakwa silikoni nyekundu kama keki. Nimenunua nyingine, kulanti galoni mbili, maji ya betri na mfuniko, jumla elfu 78, kwa hiyo gereji sijawapiga sana lakini wao hata wasingefungua pale. Mapovu yalinichukua dakika arobaini, mkono umevimba. Leo nimefika Sanawari tu mshale uko katikati. Na hita inatoa moto, wife anauliza miezi yote hii nilikuwa namnyima kwa nini. Kidumu cha yale ya zamani kiko stoo, kuna gereji inapokea?

fundi_mstaafu
Marhaba. Andika SUMU kwa maka pen kwanza, nitakuulizia kwa wanaokusanya oili chafu Unga Limited kama wanachukua.