Windows, Linux au Mac kwa kompyuta ya nyumbani ya kuangalizia filamu na kusikilizia taarab?

Mkaazi wa Wete

Assalaam alaykum ndugu zangu. Ninaomba ushauri kwa wenye uzoefu. Nyumbani tuna kompyuta ya mpakato tuliyoinunua ikiwa imeshatumika, yenye prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha 5, RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka ya GB 500. Inatumia Windows 10. Kazi yake kubwa ni kuunganishwa na televisheni kwa waya wa HDMI baada ya sala ya Isha, tukaangalia filamu na mawaidha yaliyomo kwenye diski ya nje. Mchana mama yangu husikiliza taarab za zamani ambazo tunaendelea kuzihamisha kutoka kwenye kanda za kaseti, na watoto huiandikia kazi za skuli. Intaneti yetu ni ya bando la simu, kwa hiyo karibu kila tunachokiangalia kimo ndani ya diski tayari.

Fundi ametuambia kwamba Windows 10 imefikia mwisho na kwamba mashine hii haikubali Windows 11. Yeye anapendekeza Linux, mfumo endeshi wa bure, na shemeji yangu anataka tuiuze tununue Mac iliyotumika. Linalonisumbua zaidi ni kwamba baadhi ya filamu mpya hukatakata na sauti huitangulia picha, ilhali za zamani hucheza vizuri. Je, nikibadilisha mfumo endeshi tatizo hilo litaondoka?

Fundi wa Fuoni

Waalaykumu ssalaam ndugu yangu. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linaloamua mengine yote. Kwa mashine uliyoitaja, kubadilisha mfumo peke yake hakutaondoa kukatakata huko.

Faili la filamu hubanwa kwa kodeki, yaani njia ya kubana picha na sauti ili faili liwe dogo, na kilichobanwa ni lazima kisimbuliwe, yaani kifunguliwe, kila sekunde wakati filamu inacheza. Prosesa za Intel zina sehemu maalumu ya kufanya kazi hiyo bila kuichosha prosesa yenyewe, lakini sehemu hiyo inajua kodeki zile tu zilizokuwemo wakati prosesa ilipotengenezwa. Kizazi cha 5 kinaisimbua H.264 bila taabu, na filamu nyingi za miaka iliyopita zimebanwa kwa H.264. Filamu mpya nyingi zimebanwa kwa HEVC, ambayo pia huitwa H.265, na usimbuaji kamili wa HEVC ndani ya prosesa za Intel ulianza kizazi cha 6, mwaka 2015. HEVC ya biti 10, yenye rangi nyingi zaidi, ilisubiri kizazi cha 7. Kwa hiyo filamu hizo kwako husimbuliwa kwa nguvu ya prosesa tupu: za 1080p huenda zikapita huku feni ikivuma, na za 4K zitakatakata kwenye Windows, kwenye Linux na kwenye mfumo mwengine wowote.

Hakikisha mwenyewe kabla ya kugusa chochote. Fungua filamu inayosumbua kwa VLC, programu ya bure ya kuchezea filamu, kisha bonyeza Ctrl na J kwa pamoja, nayo itakuonyesha kodeki na ukubwa wa picha. Ukiona HEVC, dawa ni kuitafuta filamu hiyohiyo katika H.264, au kuigeuza kwa programu huria ya HandBrake, ambayo ipo kwa mifumo yote mitatu. Kugeuza kutachukua saa nyingi kwa mashine yako na faili litaongezeka ukubwa, lakini utafanya mara moja tu kwa kila filamu. YouTube ina hali kama hiyo, kwani hupendelea kutuma kodeki za VP9 au AV1. Kijalizo cha kivinjari kiitwacho h264ify huilazimisha itume H.264, ila ujue kwamba H.264 hutumia bando zaidi kwa ubora uleule wa picha.

Sasa mfumo. Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine haikuzimika siku hiyo na filamu zako zitaendelea kucheza, ila marekebisho ya usalama hayaji tena kwa njia ya kawaida. Windows 11 inataka TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, na, kwa upande wa Intel, kwa jumla prosesa ya kizazi cha 8 na kuendelea. Zipo njia za kuuzunguka mlango huo, lakini Microsoft imesema wazi kwamba mashine ya namna hiyo haina haki ya kupata masasisho, na masasisho ndiyo sababu ya kuhama kwenyewe. Mimi siwashauri wateja wangu njia hiyo.

Kwa RAM ya GB 4 ningechagua Linux Mint, aina mojawapo ya Linux, toleo jepesi la Xfce. Toleo la 22 linatunzwa mpaka mwaka 2029, ni bure, na mpangilio wake wa menyu hautamshangaza aliyezoea Windows. Unaliweka kwenye flashi, unaiwasha kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo, na unalijaribu zima bila kugusa kilichomo kwenye diski. Wakati huo jaribu Wi-Fi, picha na sauti kwa HDMI, na diski ya nje. Faili la usakinishaji ni karibu GB 3, kwa hiyo lishushe mahali penye intaneti ya kutosha, na ukilisakinisha ukubali kisanduku cha kodeki za midia.

Jambo moja zaidi ambalo kwa macho yangu linapita uchaguzi wote wa mifumo: badilisha diski ya kuzunguka uweke SSD, diski isiyozunguka yenye kasi zaidi. Mwenye kompyuta kama yako akiniuliza atumie fedha zake wapi, humwambia hapo kwanza, ziada ikibaki aongeze RAM kufikia GB 8.

Mwalimu wa Chake

Nakubaliana na Fundi kuhusu prosesa, lakini ningependa ndugu yetu asiifute Windows kwa haraka. Watoto wanaoandika kazi za skuli watazileta katika Word, na LibreOffice, programu ya kuandikia iliyomo ndani ya Mint, inazifungua na kuzihifadhi, ila majedwali na nafasi za kurasa wakati mwengine huhama. Barua ya ukurasa mmoja haitakuwa na tatizo. Karatasi ya mtihani yenye michoro inaweza kuharibika, na mwalimu anayeipokea hatajua sababu.

Pili, watumiaji wa nyumbani wa Windows 10 walipewa nafasi ya kuendelea kupokea marekebisho ya usalama mpaka tarehe 13 Oktoba 2026, ama bila malipo kwa kuunganisha kompyuta na akaunti ya Microsoft na kuhifadhi mipangilio huko, ama kwa kulipia dola 30. Muda huo unatosha kuweka Mint pembeni ya Windows ndani ya diski moja, familia ikazoea taratibu, na mama asijikute asubuhi moja mbele ya kioo asichokijua. Katika Windows hiyo, iweke Wi-Fi ya simu kuwa muunganisho wa kupimwa (metered connection), maana bila hivyo masasisho yatalimaliza bando lenu usiku mmoja.

Tatu, kama siku moja mtajiunga na huduma za filamu za kulipia, Linux haipewi picha za 4K. Huduma hizo hutegemea Widevine, kinga ya kuzuia filamu zisinakiliwe, na kwenye Linux kinga hiyo hufanya kazi kwa daraja la chini. Kwa familia inayoangalia kutoka kwenye diski yake, hilo halina uzito.

Mpenzi wa Taarab, Michenzani

Ndugu wa Wete, mimi nitazungumzia sauti, kwa sababu hapo ndipo naona mna hazina na wengi hawaijali. Sisi ni watu wa visiwa ambamo kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kilizaliwa mwaka 1905, na kanda nyingi za majumbani zina maonyesho ambayo hayakuwahi kuuzwa popote. Mnapozihamisha, msizihifadhi moja kwa moja kwa MP3. Rekodini kwa Audacity, programu ya kurekodi sauti, ambayo inafanya kazi sawasawa kwenye Windows, Linux na Mac, kisha mhifadhi nakala ya asili kwa FLAC, inayobana bila kupoteza chochote katika sauti. Kutokana na hiyo mtatoa MP3 za simu na za gari kila mkitaka. Sauti iliyopotea ndani ya MP3 hairudi, na ukiibana MP3 kuwa MP3 nyengine unapoteza tena. FLAC inachezwa na VLC kwenye mifumo yote mitatu, kwa hiyo hata mkihama mara ngapi, kanda za mama zitafunguka.

Kuhusu Mac, kwa heshima zote kwa shemeji, nunua ikiwa mnaipenda kwa kazi nyengine. Macbook za zamani zenye prosesa ya Intel ziko ukingoni, kwa kuwa Apple imetangaza kwamba macOS 26 ni toleo la mwisho kwa Intel, tena si Intel zote zinazolipata. QuickTime, programu yake ya kuchezea filamu, haifungui mafaili ya filamu ya MKV, mtalazimika kuweka VLC kama kwengine. Isitoshe, diski yenu ya nje ikiwa ni NTFS, yaani imepangwa kwa mtindo wa Windows, Mac itaisoma lakini haitaandika ndani yake bila programu ya ziada.

Ikiwa kompyuta ingekuwa ya televisheni tu, ningekupendekezea LibreELEC, Linux ndogo inayowaka moja kwa moja ndani ya Kodi, programu ya kuchezea filamu kwenye televisheni. Kodi haiji na filamu. Inazipanga zile ulizonazo, na mtoto mdogo anaweza kuitumia. Lakini kwa kuwa watoto wanaandika kazi zao humo, bora muiweke Kodi kama programu ndani ya Mint. Rimoti ya televisheni msiitegemee, kwani HDMI za kompyuta nyingi hazipokei amri zake.

Mkaazi wa Wete

Nawashukuru nyote kwa kuchukua muda wenu. Nimeangalia kwa VLC na zinazokatakata zote ni HEVC, mbili kati yake ni za 4K. Nimeamua kuweka Mint pembeni ya Windows na kununua SSD kwanza. Nimeijaribu kutoka kwenye flashi: Wi-Fi imekubali na picha kwenye televisheni ni safi. Sauti ndiyo imebakia kwenye kompyuta, na diski ya nje inasomeka lakini inakataa nisiandike kitu. Hizi ni dalili za ubovu?

Fundi wa Fuoni

Si ubovu. Sauti haihami yenyewe kila mara unapochomeka HDMI. Fungua mipangilio ya sauti ya Mint, nenda kwenye vifaa vya kutolea sauti na uchague HDMI.

Diski inakataa kwa sababu Windows haikuiachia vizuri. Windows 10 ina uwashaji wa haraka (Fast Startup), ambao unapoizima kompyuta huilaza nusu badala ya kuizima kabisa, na Linux ikikuta alama kwamba diski ya NTFS haikufungwa vizuri huogopa kuandika isije ikaharibu mafaili. Alama hiyo hubaki pia diski ikichomolewa kwa ghafla, na kwa hali ya umeme wetu hilo hutokea kwenye diski zenye waya wao wa umeme. Ndogo inayopata nguvu kutoka kwenye USB ya kompyuta ya mpakato iko salama zaidi, kwa kuwa betri huishikilia. Rudi Windows, uondoe uwashaji wa haraka kwenye mipangilio ya nguvu, uiruhusu Windows iikague diski na kurekebisha makosa, kisha uitoe kwa njia ya usalama na uzime. Ichomeke tena kwenye Mint na unakili faili moja dogo kwa majaribio kabla ya kuhamishia kanda za mama.