Gemu za mashindano ya TV ambazo hazikuwahi kutoka: tumetapeliwa vya kutosha, wenye chipu zitoeni zinakiliwe!

Wakuu, salaam.

Uzi ni mrefu na nina hasira, nawaomba mnivumilie. Wiki tatu zilizopita nimelipa dola 640 kwa kaseti moja ya Atari 2600, ile mashine ya zamani ya kuchezea gemu kwenye TV. Mia sita na arobaini! Mnada ulisema ni kaseti ya majaribio ya Family Feud (kipindi cha TV ambacho familia mbili hushindana kubashiri majibu) ya mwaka 1983, gemu iliyotangazwa na haikufika dukani. Ikaja kwa posta imeviringishwa kwenye plastiki ya mapovu, lebo nyeupe imeandikwa FEUD kwa mkono, tarehe chini yake. Nikaipangusa miguu, nikaichomeka, nikawasha.

Vikatokea vifaru viwili.

Combat, ndugu zangu. Gemu iliyokuja ndani ya boksi la Atari pamoja na mashine yenyewe tangu 1977. Kwenye magulio ya huku Minneapolis, Marekani, inauzwa kwa bei ya soda.

Nikachukua bisibisi. Nilibandua lebo taratibu kwa joto la mashine ya kukaushia nywele, nikatoa skrubu moja iliyojificha chini yake, nikafungua ganda na lile bati la ndani. Kwa wasiojua: kaseti ya majaribio ya zama zile hubeba EPROM, chipu yenye kidirisha cha kioo juu, kimezibwa kwa kibandiko ili mwanga wa jua usifute kilichoandikwa. Na kwa Atari 2600 lazima pawe na kachipu ka pili, mara nyingi 74LS04, kwa sababu mashine hii huchagua kaseti kwa ishara iliyo kinyume na ile EPROM inayoitaka. Pasipo cha kuigeuza, gemu haiwaki. Mimi nimekuta chipu moja nyeusi ya kiwandani, miguu 24, hakuna kidirisha, hakuna kachipu ka pili. Juu ya ganda lebo ya zamani imekwanguliwa kwa wembe na gundi yake bado inanata. Tapeli hakujisumbua hata kusafisha gundi.

Muuzaji nilipomwandikia akajibu mstari mmoja: tangazo lilisema "haijajaribiwa", yeye anauza kama alivyopokea. Nikapeleka malalamiko kwa wenye mnada. Wakaniambia nimeifungua, haiko tena katika hali iliyotumwa, kwa hiyo fedha hairudi. Sasa niambieni, utathibitishaje kilichomo ndani ya kaseti bila kuifungua? Usipofungua huna ushahidi, ukifungua umepoteza haki. Wanajua wanachofanya.

Kuna watakaoniuliza mtu mzima anatafuta nini kwenye gemu ambazo hazikutoka. Nitawaeleza.

Tulifika huku 1999 kumfuata shangazi yangu. Alikuwa anafanya usafi maofisini usiku, anarudi alfajiri, lakini halali. Saa nne asubuhi lazima akae kwenye kochi na kanga yake mabegani aangalie The Price Is Right, kipindi cha kubashiri bei za bidhaa, kwanza. Kiingereza alichokuja nacho kilikuwa cha kuombea maji. Namba alijifunzia pale, na majina ya bidhaa pia: sabuni ya unga, maharage ya kopo, dawa ya meno, mashine ya kufulia. Mtangazaji Bob Barker akiuliza bei, shangazi anataja kabla ya washindani, kwa sauti. Mshindani wa mwisho akitaja dola moja juu ya mwenzake ili ampande mgongoni (sheria inaruhusu), shangazi anasimama kabisa: "Mwizi mkubwa huyu! Kamnyang'anya mwenzie!" Baada ya mwaka mmoja alikuwa anaingia dukani anajua bei ya kila kitu, keshia hamdanganyi. Kipindi hicho kipo CBS tangu Septemba 1972, Barker alikiongoza hadi 2007. Shangazi amefariki. Mimi nikisikia ule muziki nasimama popote nilipo.

Kwa hiyo niliposoma kwa mara ya kwanza kwamba 1983 kampuni ya Marekani iliyoitwa The Great Game Company ilitangaza kuleta vipindi hivi kwenye mashine za nyumbani, The Price Is Right, Family Feud, Wheel of Fortune, Jeopardy!, The Joker's Wild na vingine, na kwamba haikutoka hata kimoja kwa Atari, nilikosa usingizi. 1983 ndiyo mwaka ambao Plinko, mchezo wa kuangusha visahani kwenye ubao wenye vigingi, ilianza kuchezwa kwenye The Price Is Right, mwezi Januari. Septemba mwaka huohuo Wheel of Fortune ya jioni ikaanza kurushwa na kuteka nchi nzima. Vipindi vilikuwa vinapanda. Soko la gemu ndilo lilikuwa linaporomoka: makadirio yanayotajwa kila mahali ni kutoka dola bilioni 3.2 mwaka 1983 hadi kama milioni 100 mwaka 1985. Atari yenyewe ilizika shehena ya kaseti zake jangwani Alamogordo, New Mexico, Septemba 1983, zikaja kufukuliwa 2014. Nani angewekeza kwenye gemu mpya za maswali wakati zilizopo zinafukiwa kwa zege?

Hapo sina ugomvi na mtu. Biashara ilikufa, gemu zikasimama.

Ugomvi wangu unaanzia kwenye kilichofuata, ila kwanza niwaonyeshe ni kitu gani kinapotea, maana wengi wanadhani ni vitoto vya gemu visivyo na maana. Atari 2600 ina kumbukumbu ya kufanyia kazi ya baiti 128 tu. Kaseti ya kawaida ilikuwa 4KB, yaani baiti 4096. Chukua Family Feud, kila herufi baiti moja: swali la herufi 40, majibu sita ya herufi nane nane, na baiti sita za alama. Jumla 94. Gawanya 4096 kwa 94, unapata maswali 43, na hapo hujaandika mstari hata mmoja wa programu, hujachora ubao, hujaweka sauti ya jibu baya. Familia inayapiga yote kwa wikendi moja. Hata ukienda 8KB kama Asteroids ya 1981, bado unabanwa. Halafu mchezaji ataandikaje jibu kwa fimbo yenye kitufe kimoja? Mtaalamu aliyekaa na tatizo hilo alilazimika kubuni kitu: kubana herufi, kupunguza alfabeti, kumpa mchezaji orodha achague. Ubunifu huo ndio ninaotaka kuuona, baiti kwa baiti. Kwenye The Price Is Right kuna lile gurudumu kubwa, namba 20 kutoka senti 5 hadi dola moja, unazungusha mara moja au mbili bila kuvuka dola. Atari walikuwa na vile vishikio vya kuzungusha vya gemu yao ya Breakout! Gurudumu na kishikio cha kuzungusha! Shangazi angekaa na kile kishikio mpaka kimong'onyoke mkononi.

Baadaye GameTek ya Florida ilitoa Wheel of Fortune na Jeopardy! kwa NES, mashine ya Nintendo, mwaka 1988, zikitengenezwa na Rare ya Uingereza, kisha Hollywood Squares na Double Dare, na Family Feud 1991. Ninazo zote. Nzuri. Lakini ni kizazi kingine, zina nafasi ya kutosha, hazikubanwa ukutani kama zile za 1983. Na GameTek nayo ikaomba kufilisika Desemba 1997. Kampuni ikifilisika, makabati yanafunguliwa, diski na kaseti za majaribio zinaingia mifukoni mwa watu.

Sasa nije kwenu ninyi mnaozifungia.

Kwenye hobi hii kuna watu wenye kaseti za majaribio ambao hawataki zinakiliwe. Siyo siri, wanasema wenyewe: zikinakiliwa, bei inashuka. Wanapiga picha lebo, wanaweka mtandaoni tupige makofi, kisha wanarudisha kwenye sefu. Ukiomba kusoma chipu, kazi ya dakika mbili isiyoacha hata mkwaruzo, unaambiwa ulipe maelfu. Mkuu, EPROM siyo dhahabu! Ndani yake ni chaji ndogo ya umeme iliyonaswa, na inavuja kila mwaka. Waliozitengeneza hawakukusudia zifike miaka arobaini. Siku utakapoamua kuuza, utakuwa unauza kipande cha plastiki chenye kibandiko juu. Umelinda bei, gemu imefia mikononi mwako.

Na ninyi ndio mnaowapa matapeli uwanja. Mngeweka picha za bodi, namba za chipu, hata orodha ya mnavyovimiliki, mtu kama mimi angekuwa na cha kulinganishia kabla ya kutoa dola 640. Mmefanya kila kitu kiwe fununu, na penye fununu tapeli anafanya kazi na lebo nyeupe na kalamu.

Sheria nayo inaniumiza kichwa. Marekani, kazi iliyotengenezwa kwa ajira ya kampuni inalindwa miaka 95 tangu kutolewa, au 120 tangu kutengenezwa, muda wowote utakaotimia kwanza. Gemu iliyotoka 1983 itakuwa huru baada ya 2078. Iliyotengenezwa mwaka huohuo na haikutoka kabisa, hadi mwisho wa 2103! Yaani ile ambayo hakuna aliyeinunua, hakuna anayeiuza, ndiyo inafungwa miaka 25 zaidi. Mwaka 2023 Video Game History Foundation, shirika la kuhifadhi historia ya gemu, walionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena sokoni. Hizo ni zilizotoka! Na Oktoba 2024 Ofisi ya Hakimiliki ikakataa ombi la kuruhusu maktaba kuwafungulia watafiti gemu hizo wakiwa mbali.

Watu wa televisheni walishatufundisha hili. Jeopardy! ya kwanza, iliyoongozwa na Art Fleming, ilirushwa na NBC tangu 1964 hadi 1975 karibu kila siku ya kazi. Kanda zake nyingi zilifutwa ili zirekodiwe vitu vingine. Vipindi zaidi ya elfu mbili, leo unahesabu vilivyobaki. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, waliona ni kipindi cha mchana tu cha akina mama wa nyumbani. Hivyohivyo wanavyosema leo kuhusu gemu hizi, na wanaosema ni humu humu ndani: "hizo si gemu za maana, ni maswali tu". Nimeshachoka na kauli hiyo.

Ninachotaka ni hiki. Mwenye kaseti, diski, karatasi ya matangazo, barua ya ofisini, chochote cha gemu za mashindano ambazo hazikutoka, za Atari, Intellivision, ColecoVision, NES, aisome sasa. Hutaki kuweka hadharani? Sawa, ni mali yako. Peleka nakala ikatunzwe kwa siri: jumba la makumbusho la The Strong kule Rochester, New York, au hao Video Game History Foundation wa California. Na kama unaogopa kutuma kwa posta, mimi ninacho kifaa cha kusomea chipu, nitasafiri kwa nauli yangu hadi kwako popote Marekani, nisome mbele ya macho yako mezani kwako, nikuachie faili zote na niondoke mikono mitupu. Nimeshafanya hivyo mara mbili na hao watu ni mashahidi.

Kwa wanunuzi: muuzaji akikataa kufungua kaseti na kupiga picha ya bodi kabla ya malipo, ondoka. Ukiona "haijajaribiwa" kwenye bidhaa ya mamia ya dola, ondoka mbio. Kaseti ya Atari inajaribiwa kwa sekunde tano.

Wasimamizi, naomba uzi huu usiunganishwe na ule wa bei za kaseti, ni mambo mawili tofauti.

Kaseti yangu siiuzi wala siitupi. Nimeirudishia ganda, nikaandika FEKI kwa wino usiofutika juu ya ile FEUD, na nyingine ndani kwenye bodi, ili hata nikifa asiuziwe mtu mwingine. Picha za bodi, mbele na nyuma, pamoja na zile namba za chipu, naziweka hapa chini nikitoka kazini jioni.