Tupeane uzoefu: Mliosoma au kufundisha sekondari yenye wanafunzi wa kila asili, nini kiliwaunganisha?

Chaki Nyeupe: Wakuu, leo nimeingia darasani nikakuta wanafunzi wamejipanga wenyewe kwa lugha zao: safu hii hawa, safu ile wale, na nyuma kabisa wageni wasioijua vizuri lugha ya kufundishia. Roho imeniuma. Mliopita shule za mchanganyiko, semeni: nini kiliwafanya muwe kitu kimoja? Na kiwango cha masomo je, kilipanda au kilishushwa ili kila mtu apite? Vikaoni tunayajadili kama ajenda mbili, mimi naona ni moja.

Nyuma Dirishani: Umenigusa palepale, mwalimu. Mimi ndiye wa ile safu ya nyuma. Tulihamia ugenini nikiwa ndiyo naanza sekondari, lugha ya pale siijui hata ya kuombea maji. Hesabu lakini nilikuwa naziweza, kwetu nilikuwa naongoza. Mwalimu akanionea huruma. Wenzangu wakipewa milinganyo, mimi napewa picha nipake rangi. Nikimaliza ananipigia makofi, darasa zima linageuka kunitazama.

Siku mbaya kuliko zote ilikuwa ya mtihani wa muhula. Alipita akigawa karatasi, alipofika kwangu akaniruka. Akanishika bega kwa upole, akanionyesha mlango nikapumzike nje. Nilikaa ukutani nikiwaona dirishani wameinama wanaandika. Swali la kwanza nilishalichungulia kwa jirani, na jibu ninalo kichwani. Nililia kuliko siku tuliyohama.

Aliyeniokoa ni mwalimu mwingine aliyepokea somo baadaye. Alinipa karatasi ileile ya wenzangu. Pembeni akaniandikia kwa kalamu nyekundu maneno ya mada: uwiano, kipeo, kadirisha, nikayabandika ndani ya jalada la daftari. Mada ikibadilika, orodha inabadilika. Kisha akanikalisha na kijana anayeijua vizuri lugha ya pale ila hesabu zinamshinda, akatuambia alama zetu za mazoezi ni moja. Yule kijana mpaka leo ni ndugu yangu.

Mama Wawili: Huruma ya namna ile inaumiza kuliko bakora. Pole sana ndugu yangu.

Mwalimu wa Zamu: Niongezee hapo. Jim Cummins, mtafiti wa Kanada, alionyesha kwamba mtoto mgeni huzoea lugha ya kuongea kwa miaka kama 2, ila lugha ya vitabuni na ya mitihani humchukua 5 hadi 7. Ndiyo maana tunamwona anapiga soga uwanjani, akifeli tunasema ni mvivu.

Kiranja Mstaafu: Kwetu dawa ilikuwa siku ya tamaduni. Ngoma, mavazi, kila kundi na meza yake. Shule ilikuwa na raha!

Mama Wawili: Kila kundi na meza yake, ndugu yangu, huko ndiko kuungana? Binti yangu anavalishwa, anapigwa picha, kesho yake hakuna anayemchagua kwenye kazi ya vikundi.

Kiranja Mstaafu: Dada, usidharau. Kuna wazazi ambao hiyo ndiyo siku pekee walikanyaga shule.

Bweni la Mashariki: Naomba niwasimulie. Ulizuka uvumi kwamba mmoja wa kundi fulani ameitukana dini ya wengine. Jioni bwalo likagawanyika. Wavulana wameng'oa miguu ya madawati, sisi wasichana tumejibana ukutani. Mkuu wa shule, mama mfupi hivi, akaingia peke yake akasimama katikati. Hakupiga kelele. Akaanza kuita majina, la upande huu, la upande ule, wawili wawili, na kila jina alilitamka sawasawa kama anavyolitamka mama wa mtoto. Kila jozi ikapewa karatasi moja: andikeni mlichokisikia kwa masikio yenu wenyewe, si mlichoambiwa.

Zilirudi karatasi tupu. Hakuna hata mmoja aliyesikia tusi lenyewe. Akazisoma mbele yetu moja moja, "Hakuna. Hakuna. Hakuna." Miguu ya madawati ikaanza kuwekwa chini. Halafu akasema mtihani wa asubuhi uko palepale.

Kalamu Kavu: Mungu wangu. Yuko wapi huyo mama?

Mwalimu wa Zamu: Kuzima fujo nampongeza. Mtihani asubuhi yake, hapana. Watoto hawajalala.

Bweni la Mashariki: Mwalimu, ulikuwa nje wewe, mimi nilikuwa ndani. Angeuahirisha tungekesha tunapanga kisasi. Tulikesha tunasoma, na taa ya upande wetu ilipozimika tulihamia kwao.

Mwalimu wa Zamu: Sawa, ila aliyefeli siku ile nani alimfidia? Kudai makubwa bila msaada ni kumwonea mtoto.

Kalamu Kavu: Mnakumbuka utafiti wa Rosenthal na Jacobson, 1968, Marekani? Walimu waliambiwa wanafunzi fulani watachanua, kumbe wamechaguliwa kwa bahati nasibu, na baadhi yao alama zao zikapanda kweli.

Mwalimu wa Zamu: Waliopanda zaidi ni wa madarasa ya chini kabisa, na watafiti wengine waliupinga. Matarajio yanasaidia, ila na kufundisha kuwepo.

Chaki Nyeupe: Basi nisaidieni, Jumatatu nianzie wapi?

Kiranja Mstaafu: Panga viti upya, wachanganye wote. Na timu ya mpira usiiache.

Mama Wawili: Usiwachanganye ghafla! Mgeni mwache akae na mtu wa lugha yake kwanza, apate pa kupumulia.

Kalamu Kavu: Jaribu njia ya mwanasaikolojia Elliot Aronson, ilianza Austin, Texas, mwaka 1971, shule zilipounganisha watoto wa rangi zote na ugomvi ukazidi. Kila mmoja kwenye kikundi anapewa kipande chake cha somo awafundishe wenzake, na wote wanapimwa kwa somo zima. Hakuna wa kudharauliwa, kipande chake mnakihitaji.

Bweni la Mashariki: Na jifunze majina yao, mwalimu. Yote.

Nyuma Dirishani: Na siku ya wazazi tafuta mkalimani mtu mzima. Mimi nilitafsiri ripoti yangu mwenyewe mbele ya baba.

Chaki Nyeupe: Mkalimani nitamwomba mama wa mwanafunzi mmoja wa kidato cha juu. Kwa vikundi naanza na somo la mzunguko wa damu, lina vipande vitano vizuri. Mwenye maswali ya mfano ya mada hiyo anitumie.