Keki ya ndimu na mbegu katika bati la boflo: juu imebonyea, chini mbichi

Binti wa Langoni, Lamu

Assalamu alaikum. Naomba msaada wa wajuzi wa kuoka. Mwisho wa mwezi huu jamaa yetu mmoja anasafiri kwenda Dubai, nami nilitaka ampelekee kaka yangu keki ya limau na mbegu, ile inayookwa katika bati refu la boflo na kukatwa vipande kama mkate, kwa sababu nasikia inaweza kukaa siku tatu bila kukauka. Ijumaa nilifanya jaribio la kwanza, na matokeo yake yalinivunja moyo.

Maelekezo niliyoyapata kwenye intaneti yalitaka siagi na sukari zipigwe mpaka ziwe nyeupe na nyepesi, kisha yafuate mayai, unga, beking pauda vijiko viwili vya chai, maganda ya malimau mawili yaliyokwaruzwa pamoja na maji yake, na mwishowe mbegu za khaskhas. Malimau sikuyapata, kwa hiyo nilitumia ndimu sita, maganda na maji yote. Khaskhas niliipata kwa muuza viungo, ingawa ilikuwa nyeupe, si nyeusi kama ya kwenye picha. Unga ulikuwa wa pakiti, ule uliokwisha kutiwa dawa ya kuumua kiwandani. Siagi niliipiga kwa mwiko karibu nusu saa na haikuwa nyeupe wala nyepesi. Ilizidi kuyeyuka tu.

Nilipomaliza kuchanganya, gesi ikaisha. Mtungi mwingine ulifika kwa punda baada ya dakika 40, na rojo wakati huo wote lilikuwa ndani ya bati. Keki ilipanda haraka, ikapasuka, halafu ikabonyea katikati. Nilipoikata nilikuta chini ukanda mzito wa unene wa kidole, umegandamana na kulowa, na ladha yake ilikuwa na uchungu unaobaki nyuma ya ulimi. Mama alionja akauliza kama ni dawa ya kikohozi. Nimekosea wapi?

Mpishi mstaafu, Malindi

Wa alaikumu ssalamu, binti yangu. Nilioka keki za namna hii kwa miaka mingi katika jiko la hoteli hapa Malindi, wengi wa walaji wakiwa wageni wa Kitaliano, ambao hawasamehe keki ya limau isiyo na harufu ya limau. Makosa yako ni kadhaa, na mengine si yako, bali ni ya aliyeandika maelekezo akiwa katika jiko la nchi ya baridi.

Tuanze na siagi. Siagi hushika hewa ikiwa laini lakini bado imeshikana, yaani inapokuwa na joto la nyuzi 18 hadi 20 hivi za Selsiasi. Hapo chembe za sukari huikwaruza na kuacha vijitundu vingi vya hewa, na vijitundu hivyo ndivyo vinavyopanuliwa baadaye na gesi ya beking pauda. Jikoni kwako mchana kuna nyuzi 30 au zaidi. Siagi ikifika huko huanza kugeuka mafuta, na hata ungeipiga mpaka Magharibi isingekuwa nyeupe. Mimi niliacha siagi katika keki hii zamani, nikatumia mafuta ya kupikia yasiyo na harufu, na hewa nikaitafuta katika mayai. Faida ya pili ni kwamba keki ya mafuta hubaki laini kwa siku kadhaa, na hilo ndilo unalolihitaji kwa safari.

Kuhusu unga, ule wako tayari una dawa ya kuumua, nawe ukaongeza vijiko viwili. Gesi ikizidi, vijitundu huungana, keki hupanda kwa pupa, kisha hupasuka na kushuka kabla unga na mayai havijakaza. Kungoja mtungi wa gesi nako kukaharibu kwa njia yake: tindikali ya ndimu inapokutana na beking pauda, gesi huanza kutoka papo hapo, nawe ukaiacha itoke kwa dakika 40. Ndiyo maana kabla ya kuvunja yai la kwanza mimi huwasha oveni na kuutikisa mtungi nisikie umebaki na nini.

Maji ya ndimu sita ni mengi mno kwa bati moja, na ukanda uliolowa chini sehemu kubwa ulitoka huko. Watu wengi hudhani harufu imo katika maji, lakini maji hutoa uchachu tu. Harufu imo katika mafuta yaliyomo kwenye vijitundu vya ganda la juu kabisa. Chini yake kuna ngozi nyeupe, na hiyo ndiyo chungu. Ganda la ndimu ni jembamba sana, kiasi kwamba ukipitisha kikwaruzo mara mbili mahali pamoja umekwisha kuifikia ngozi nyeupe. Pitisha mara moja, zungusha tunda, pitisha tena. Ganda la limau ni nene zaidi na linamvumilia mgeni wa kazi. Ukikosa limau, chukua machungwa mawili na ndimu moja, wala usikatae chungwa la pwani kwa kuwa ni la kijani, kwani huku kwetu usiku hauna baridi ya kuligeuza rangi, na ndani limeiva.

Sasa vipimo vyangu. Changanya gramu 200 za sukari na maganda ya malimau mawili, usugue kwa ncha za vidole mpaka sukari iwe kama mchanga uliolowa na harufu ikupande puani. Usiiruke hatua hii, kwa maana sukari ndiyo inayoyakamua mafuta ya ganda. Vunja humo mayai matatu, upige mpaka mchanganyiko upauke na kuwa mzito. Mimina polepole mililita 120 za mafuta huku ukiendelea kupiga, kisha mililita 120 za mtindi na vijiko viwili vya kulia vya maji ya limau. Pembeni, chekecha gramu 250 za unga wa kawaida pamoja na vijiko viwili vya chai vya beking pauda na chumvi kidogo. Mwaga unga juu ya rojo, ukunje kwa mwiko, na uache mara tu usipouona tena unga mkavu, kwa sababu ukizidi kukoroga keki inakuwa ngumu kama mkate. Mbegu, vijiko vinne vya kulia, ziingie mwisho. Oka katika nyuzi 175 hivi, dakika 50 hadi 60, na usifungue mlango kabla ya dakika 40. Uchelewa safi ukichomekwa katikati utoke mkavu. (Safi, nimesema, si wa ufagio wa uani.)

Mkulima wa bara, Lamu

Kwa nini khaskhas, nasi tuna ufuta shambani? Ufuta unalimwa upande wa bara wa kaunti yetu, una mafuta mengi, na ukikaangwa unaendana na limau vizuri sana. Ila ule wa gunia lazima uupete na kuuosha katika maji mawili au matatu, kwa kuwa mchanga wake hauonekani mpaka uwe kati ya meno. Uanike ukauke kabisa. Kisha uukaange bila mafuta kwa moto mdogo, ukikoroga, na mbegu zitakapoanza kurukaruka na kugeuka rangi ya majani makavu ya mnazi, zimwage mara moja kwenye sinia, kwani zikiachwa juu ya kikaango chenye moto zitaendelea kuungua na kuwa chungu, nawe utamsingizia limau.

Mama wa Mkomani

Nimeyasoma maelezo ya mpishi wetu na ninayaheshimu, lakini ninaona tunajisumbua. Sisi tuliolelewa Lamu tumekuwa tukipika mkate wa mayai tangu hatujaijua beking pauda: mayai na sukari hupigwa mpaka rojo likidondoka kutoka kwenye mwiko liache alama juu yake, unga hukunjwa kidogo kidogo, iliki hutiwa, kisha hupaliwa makaa juu ya mfuniko na machache chini. Mkate unapanda kwa mayai matupu. Binti huyu akitia maganda ya ndimu na ufuta katika mkate wa mayai, atapata anachokitafuta, na wala hatahitaji kungoja mtungi wa gesi.

Mpishi mstaafu, Malindi

Bi mkubwa, mkate wa mayai sina neno nao, na ni kweli kwamba huo ndio ulionifundisha kutafuta hewa katika mayai. Lakini mkate wa mayai hauna mafuta, na kwa hiyo siku ya pili umeanza kukauka. Tena mafuta na mtindi vikitiwa ndani, mayai matatu hayawezi kuubeba mzigo huo peke yake. Ukiliwa jioni ile ile pamoja na kahawa, nakuunga mkono. Wa kusafiri, hapana. Kuhusu makaa, anayejua kuyapalia afanye hivyo bila hofu, mradi ya juu yawe mengi kuliko ya chini.

Msafiri wa Ghuba, Malindi

Ninashangaa hakuna aliyelitaja hili. Binti, usimpe mtu yeyote keki yenye khaskhas aipeleke Dubai. Mbegu hizo ni za mpopi, mmea uleule unaotoa afyuni, na katika Falme za Kiarabu zimepigwa marufuku, hata zikiwa za jikoni na hata zikiwa kidogo. Madukani kwetu zinauzwa kama kiungo kingine chochote, ndiyo maana mtu hatambui, lakini atakayekamatwa nazo uwanja wa ndege ni huyo jamaa yako aliyekubali kubeba amana. Saudia nako ni hivyo hivyo. Oka kwa ufuta, na khaskhas iliyobaki uitumie katika mchuzi wa nyumbani.

Binti wa Langoni, Lamu

Nimeshtuka, na ninamshukuru Msafiri kwa dhati. Jamaa yetu mwenyewe hakuwa na habari hiyo.

Jana nimeoka tena kwa vipimo vya mpishi, nikatumia machungwa mawili ya kijani na ndimu moja, pamoja na ufuta niliouosha maji matatu. Maji ya kwanza yaliacha mchanga wa kijiko kizima chini ya bakuli. Kusugua maganda ndani ya sukari kulinifumbua macho, kwa sababu nyumba ilinukia chungwa hata kabla oveni haijapata moto. Keki imepanda ikabaki juu, na mpasuko wake ni mmoja tu, wa urefu, katikati. Uchungu haupo. Yamebaki mawili. Chini bado kuna mstari mwembamba uliolowa, si kama wa kwanza, lakini uzi unaoonekana. Pengine nieleze kwamba bati nililiweka juu ya sinia ili chini kusiungue, kwa kuwa moto wa oveni yangu unatoka chini. Halafu, je, niimwagie shira ya ndimu kabla ya kuifunga kwa safari?

Mpishi mstaafu, Malindi

Mpasuko mmoja wa urefu ni kawaida ya keki ya bati la boflo, usihangaike nao. Mstari ule ni kazi ya sinia: limeuzuia moto wa chini usilifikie bati, juu pakaiva na kupata rangi, chini pakabaki nyuma. Liondoe, weka bati juu ya wavu wa katikati, na ukiona juu panawahi kuwa pekundu, funika kwa karatasi ya foili katika dakika 15 za mwisho.

Shira iache, maana unyevu wa juu katika joto letu huita ukungu. Oka usiku wa kuamkia safari, itoe kwenye bati baada ya dakika 10, uiache juu ya wavu mpaka ipoe hata ndani, kwa muda wa saa tatu au zaidi, ndipo uifunge. Ukiifunga ina vuguvugu, mvuke utageuka maji ndani ya karatasi, na kaka yako atafungua keki yenye ngozi inayonata. Usiikate; ikatiwe huko huko.