Nimepata nafasi ya kuripotia runinga kutoka nje ya nchi, naombeni ushauri wa haraka

Kinasa Sauti (mwanzisha uzi)
Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni ripota wa runinga, dawati la habari za kimataifa. Kwenye dawati hili kazi yangu yote imekuwa ya ndani: tunapokea picha za mashirika ya habari, naziandikia maelezo, nazisomea sauti, taarifa inaruka hewani. Vita vya watu nimevisimulia nikiwa nimekaa kwenye kiti. Sasa kituo kimoja kinanitaka nikawe mwandishi wao kwenye nchi ambayo hali yake si shwari. Nchi sitaitaja. Nafasi hii kuna watu wanaisubiri mpaka wanastaafu. Tatizo ni nyumbani, mke hataki hata kulisikia jambo lenyewe na mtoto bado mdogo. Nikikataa hawataniita tena, hilo nina uhakika nalo. Mliowahi kupita njia hii, familia mliziwekaje sawa? Usingizi sina, na jibu linatakiwa wiki hii.

Mama Ushauri
Mwanangu, mwenzio ameshakujibu, huku umekuja kutafuta nini? Mtoto anayelelewa na picha ya baba kwenye kioo anakua na pengo. Kaa ulee.

Jogoo la Mjini
Nenda mkuu, ila usirudi bila ile fulana yenye mifuko kumi na mbili. Hapa naweka kambi.

Mzee wa Antena
Nami nichangie, nilikuwa fundi mitambo wa matangazo kabla sijastaafu. Kilichonivuta kwenye fani ni Mohamed Amin, yule mpigapicha Mkenya. Mwaka 1984 aliingia Korem, Ethiopia, na Michael Buerk wa BBC. Picha za njaa walizotoka nazo ziliitikisa dunia, mwaka uliofuata ikaja Live Aid, lile tamasha la muziki la kuwachangia wenye njaa. Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa, akapoteza mkono. Akafungiwa wa bandia, akarudi kwenye kamera! Alikufa Novemba 1996 kwenye ile ndege ya Ethiopia iliyotekwa ikaanguka baharini karibu na Komoro. Sisi vijana wa wakati ule tulimwona kama simba. Ila nilipoanza kuzeeka nikawa namfikiria zaidi John Mathai, mtu wake wa sauti. Mlipuko uleule wa Addis ndio uliomuua. Jina lake utalisikia mara ngapi? Kijana, ukienda huendi peke yako, kuna dereva na kuna mwenyeji wa kukutafsiria. Nao wana wake na watoto.

Kalamu Butu
Tuache hadithi kidogo. Mwanzisha uzi, umeajiriwa au unalipwa kwa kila ripoti? Bima iko wapi? Mafunzo ya usalama kwenye maeneo hatarishi umepata? Unaingia kwa viza gani?

Kinasa Sauti
Asante mkuu. Nalipwa kwa kila ripoti, na ni kawaida siku hizi, vituo vingi vimefunga ofisi za nje. Bima tutaongea nikishafika. Mafunzo yapo mbeleni. Ila naomba turudi kwenye suala la familia.

Kalamu Butu
La viza umeliruka.

Mama Ushauri
Hata mimi nimeona amelirukia mbali.

Kinasa Sauti
Ni viza ya utalii. Wameniambia ithibati ya uandishi inazungushwa miezi na miezi, na waliotangulia waliingia hivyohivyo. Kamera za sasa ni ndogo, inakaa kwenye begi la mgongoni na hakuna wa kuuliza. Sikulitaja kwa sababu swali langu lilihusu familia. Na niseme yote: viza imeshatoka, na kazini nimeshakabidhi barua ya kuacha. Kwa hiyo msinishauri kana kwamba naanza mwanzo.

Kalamu Butu
Sasa tunaongea. Chukua kesi ya Peter Greste wa Al Jazeera. Kituo chake cha kazi kilikuwa Nairobi, akapelekwa Cairo kushikilia nafasi ya mwenzake kwa muda mfupi tu wakati wa Krismasi ya 2013. Tarehe 29 Desemba akakamatwa pamoja na Mohamed Fahmy na Baher Mohamed. Mashtaka yalikuwa mazito, ya ugaidi na habari za uongo, lakini ndani yake kulikuwa na hoja ya kufanya kazi bila kibali. Juni 2014 Greste na Fahmy wakahukumiwa miaka 7, Baher 10. Unajua ile mitatu ya ziada ilitokana na nini? Ganda la risasi iliyokwisha kutumika, alikutwa nalo. Kitu ambacho ripota anaokota barabarani anatia mfukoni.

Kinasa Sauti
Wale walikuwa na jina, na kituo chao kilikuwa na ugomvi na serikali ile. Mimi hanijui mtu. Udogo wangu ndio kinga yangu.

Kalamu Butu
Greste alikuwa na kituo kizima nyuma yake, serikali ya Australia na kampeni ya dunia nzima, na bado alikaa ndani siku 400. Wewe mtu akikugongea mlango saa nane usiku, unampigia nani? Mkataba haukutambui kama mwajiriwa na pasipoti inasema umekuja kutalii.

Mtembezi
Kuhusu hofu ya kutoitwa tena: msome Kate Peyton, mtayarishaji wa BBC aliyekuwa Johannesburg. Februari 2005 alipigwa risasi nje ya hoteli Mogadishu, alikuwa ndiyo kwanza amefika. Familia yake ilieleza baadaye kwamba alikuwa na wasiwasi na safari ile, lakini alihofia kukataa kungemharibia kazi. Naandika haya nikiwa na uchungu, kwa sababu nimeisoma sentensi ileile kwenye bandiko lako la kwanza.

Hadanganyiki
Jamani mnakunywa chai bila vitafunio. Nchi haina jina, kituo hakina jina, bima "tutaongea". Kila mkimbana anaongeza kipande. Ripota wa kweli hakosi kujua mambo ya viza. Huyu yuko chumbani kwake anatunga.

Jogoo la Mjini
Loh, na mimi nilishaagiza fulana!

Mama Ushauri
Kama ni uongo, umenipotezea muda na dua zangu.

Mzee wa Antena
Ngojeni, hili nitalimaliza mimi. Kijana, uko mubashara kwa setilaiti, mtangazaji wa studio anakuuliza swali. Kwenye kidude cha sikioni unasikia nini, na kisichotakiwa kuwemo ni nini?

Kinasa Sauti
Sijawahi kuripoti kutoka nje, lakini mubashara za mikoani nimefanya nyingi. Nasikia studio nzima isipokuwa sauti yangu mwenyewe. Wakikosea kwenye mitambo wakanirudishia na yangu, inanifikia imechelewa, naanza kuburuta maneno kama mlevi. Dawa ni kuking'oa sikioni, kumaliza sentensi, kisha kukirudisha nisikie swali linalofuata. Na swali likichelewa naendelea kutazama kamera na kutikisa kichwa kidogo, watazamaji wasidhani nimeganda.

Mzee wa Antena
Safi. Setilaiti iko juu kama kilomita 36,000, sauti ikipanda na kushuka ni robo sekunde, swali na jibu ni nusu, hapo bado mitambo haijaongeza ucheleweshaji wake. Huko kukiking'oa katikati ya sentensi hakujifunzi mtu kwa kutazama taarifa ya habari. Huyu ni mtu wa kazi.

Hadanganyiki
Kujua kidude si kupata safari. Weka kipande cha mkataba, majina ufiche.

Kinasa Sauti
Naweka, maana kuitwa muongo kumeniuma kuliko yote. Kipengele chenyewe ni hiki: "Mtoa huduma atawajibika yeye mwenyewe kwa usalama wake, vifaa vyake, watu atakaowatumia na uhalali wa kuwapo kwake nchini."

Hadanganyiki
Naondoa neno langu. Pole mkuu.

Kalamu Butu
Soma maneno matano ya mwisho, polepole. Wao ndio waliokuambia uingie kama mtalii, halafu wamekuandikia kwamba ukikamatwa ni shauri lako. Hayo maelekezo ya viza walikupa kwa maandishi?

Kinasa Sauti
Kwa simu.

Kalamu Butu
Bila shaka. Leo hii waandikie barua pepe: "Naomba mthibitishe kuwa mmenielekeza kuingia kwa viza ya utalii, na kwamba bima itaanza siku ninayoondoka, ikimhusu pia dereva na mkalimani." Na kazini kwako, barua ya kuacha kama bado haijajibiwa, omba kuirudisha wakati unasubiri.

Kinasa Sauti
Ya kazini siwezi, nitaonekana mtoto. Ile barua pepe nimeituma sasa hivi.

Kinasa Sauti
Wamejibu mapema kuliko nilivyotarajia. "Tumepokea. Tutakupigia tuzungumze."

Kalamu Butu
Wakipiga, sikiliza, kisha waandikie tena waliyokwambia na uombe wathibitishe. Wakikwepa mara ya pili, usipande ndege.

Mtembezi
Na wasikwambie kwamba msaada kwa wasioajiriwa haupo. Rory Peck Trust ya London inawahudumia hao hasa, ilianzishwa 1995 kufuatia kifo cha mpigapicha Rory Peck, aliyeuawa Moscow Oktoba 1993. Wanasaidia gharama za mafunzo ya usalama. RSF, shirika la Waandishi Wasio na Mipaka, nao huazimisha fulana za kuzuia risasi na helmeti, na wana mpango wa bima kwa waandishi wa kujitegemea. Waandikie wote wawili, na uwaeleze hali ya viza kama ilivyo.

Mzee wa Antena
Dereva wako ni nani? Umeshapata jina lake?

Kinasa Sauti
Bado, mzee. Nitawauliza kwenye barua inayofuata.