Nimekuwa teja wa Invincible, niendelee au nipumzike kwanza?

kichwa_maji88:
Habari za jioni wakuu. Mi sio mtu wa masuperhiro kabisa, utotoni nilikuwa mtu wa katuni za gazeti la Sani, Madenge na Ndumilakuwili basi, hawa wa kuvaa chupi juu ya suruali nilikuwa nawapita tu. Sasa mwezi uliopita shemeji kaja home na lile buku la kwanza la katuni ya Invincible, zito kama tofali, matoleo 47 humo ndani, akalisahau mezani. Nikasema ngoja nichungulie kurasa mbili tatu chai ikipoa. Ikapoa mpaka ikaota utando. Dogo Mark yuko kazini kwenye mgahawa wa baga, anatupa takataka, mfuko unapaa unapotelea huko juu, ndo anajua nguvu za mshua wake zimemfikia na yeye. Nikaona poa, baba shujaa mtoto shujaa, mama anapakua msosi. Halafu toleo la 7 wakuu. Sisemi kitu kwa ambao hawajafika ila nilifunga buku nikatoka nje kupunga upepo.

Juzi nilitakiwa nishuke Kimara nikajikuta Mbezi, konda ananicheka, maana nilikuwa pale mshua anamuuliza mwanawe baada ya miaka 500 utabaki na nini. Na jibu la dogo... we acha tu.

Sasa nimelimaliza na nina arosto. Yamebaki mawili, la 48 hadi 96 na la 97 hadi 144. Moto ni uleule au yanachuja? Na ile ya kwenye TV vipi, niianze sasa hivi au ingoje? Msinimalizie uhondo tafadhali.

Mzee wa Kurasa:
Pole na hongera mkuu. TV ingoje, maliza vitabu. Unajua kilichokunasa ni nini? Kirkman kaanza toleo la 1 mwaka 2003 kamaliza la 144 mwaka 2018, mwandishi ni yeye mwanzo mwisho. Spider-Man yupo tangu 1962, waandishi wanapokezana tu, huyu akimuozesha anakuja mwingine anaifuta ndoa, na hatazeeka maana biashara lazima iendelee. Invincible imetoka Image, ile kampuni wachoraji waliianzisha 1992 baada ya kuondoka Marvel, wenye Spider-Man wao, ili kazi ya mtu iwe mali yake mwenyewe, kwa hiyo Kirkman alikuwa na uhuru wa kumkuza Mark, kumvunja, na siku ikifika kufunga hadithi. Buku la pili mwanzoni linajivuta kidogo, wengine huchoka hapo. Wewe vumilia mpaka matoleo ya sitini na kitu, akitokea mzee mmoja mwenye mkono wa chuma, siku hiyo usisome ukiwa kwenye daladala.

rangi_na_wino:
Mzee kamsahau mchoraji kama kawaida ya watu wa hadithi 😂 Fungua toleo la 7 na la 8 uyaweke pamoja uone. La 7 mkono wa Cory Walker, mistari michache, safi, kama vile hakuna baya linaweza kutokea, ndo maana lile tukio linauma vile. Kuanzia la 8 anashika Ryan Ottley na jamaa akichora ngumi unasikia mfupa. Halafu kuna pale mchora katuni anamweleza Mark namna ya kukwepa kazi kwa kurudia picha ileile, na ukiangalia vizuri picha za ukurasa wenyewe zinajirudia palepale anapoongea. Nilirudi nyuma mara tatu kuhakikisha.

mama wawili:
Hilo buku lifiche juu ya kabati. Wangu wa darasa la tatu aliona jalada lina rangi za kuvutia akadhani la kwake, usiku alilala chumbani kwetu.

Ngumi Mkononi:
Napinga kidogo kuhusu TV. Kule lile tukio la toleo la 7 wamelileta mwisho wa sehemu ya kwanza kabisa, na mama yake Mark wamempa nafasi kubwa kuliko kitabuni, anachunguza mwenyewe taratibu mpaka anaujua ukweli. Mi nililia kwa ajili yake, kitabuni hata sikumkumbuka. Kwa kuwa ulikosoma ni mbali, angalia msimu wa kwanza bila wasiwasi, sehemu nane tu, itakushikilia mpaka shemeji aje.

kichwa_maji88:
Asanteni wote. Shemeji analeta la pili Jumamosi, kwa sharti nisikunje kurasa, inaonekana la kwanza kashaliona. Shida mpya ni wife, kalichukua toka jana, saa hizi yupo toleo la 6 anaulizia kwa nini kila dakika namtupia jicho.