Mjadala: Gemu ulilolilipia mtandaoni ni mali yako, au umepanga tu?

MLETA MADA (Shangani, Mtwara)

Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo limenikaa kooni tangu Mei 2024. Mnaikumbuka Mei ile: mwanzoni mwa mwezi kimbunga Hidaya, barabara ya Dar ikakatika upande wa Kilwa. Hatujakaa sawa, tarehe 12 nyaya za chini ya bahari nazo zikakatika, intaneti ikawa ya kubahatisha. Nikasema potelea mbali, najifungia ndani nacheza. Nina gemu la magari nimelilipia kwa kadi kwenye duka la mtandaoni la PlayStation, pesa halali, si la kuchakachua. Nashika pedi, kioo kinaniambia leseni haijathibitishwa, unganisha mtandao kwanza. Nusu saa naangalia kiduara kinazunguka. Nikavaa kandambili nikaenda banda la gemu la jirani. PlayStation 2 (PS2) ya zamani, kifuniko kimebanwa na mpira wa kufungia noti, CD imekwaruzika mpaka picha imefutika. Inacheza! Mia tatu mechi, na foleni ya watoto hadi nje.

Sasa hoja yangu. Pale dukani kitufe kimeandikwa "nunua". Hakijaandikwa "kodi" wala "azima". California walitunga sheria Septemba 2024, ikaanza kazi 1 Januari 2025: muuzaji wa bidhaa za kidijitali asitumie neno "nunua" bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni, isipokuwa kama mteja anaweza kukipakua na kukitumia moja kwa moja bila mtandao. Steam wenyewe, duka kubwa la mtandaoni la gemu za kompyuta, Oktoba 2024 wakaweka sentensi ya namna hiyo mahali pa kulipia. Yaani wanajua.

Sisi watu wa korosho tofauti ya karatasi na mzigo tunaijua. Ukipeleka magunia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, unapewa stakabadhi. Korosho imelala ghalani, huioni, lakini ni yako mpaka mnada upite. Kwenye gemu mambo yamegeuzwa: mzigo umelala kwangu, GB 90, umekula bando la mwezi mzima, na mwenye mali yuko ng'ambo. Karibuni mnipinge.

MZEE WA MIKINDANI

Vijana mna mambo. Mimi nina kiwanja, hati ya miaka 33. Ardhi yote ya nchi hii ni ya umma, Rais ndiye mdhamini wake. Hati inakupa haki ya kuikalia, nayo haizidi miaka 99. Mbona hujanisikia nikisema "nyumba yangu nimepanga kwa Rais"? Nasema kiwanja changu, na jirani anajua ni changu. Umiliki wa moja kwa moja hata kwenye udongo haupo, wewe unautafuta kwenye kioo?

MLETA MADA

Shikamoo mzee wangu. Hapo umenikamata pazuri, nimekaa na hoja yako tangu mchana.

Lakini tuifuate mpaka mwisho. Kiwanja chako ukitaka kukiuza, unafuata taratibu unauza. Ukifariki, Mungu apishe mbali, wanao wanarithi. Na Serikali ikikihitaji kwa barabara, Sheria ya Ardhi ya 1999 inazungumzia fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Tunajua fidia huchelewa, lakini una pa kuidai. Akaunti ya Steam kwa masharti yao haiuzwi wala haihamishwi. Na fidia? The Crew, gemu la magari la kampuni ya Ubisoft, lilitoka 2014, likazimwa 31 Machi 2024. Hata aliyekuwa akiendesha peke yake, bila kushindana na mtu, halikumfungukia tena, kwa sababu lilihitaji seva, yaani kompyuta za kampuni, muda wote. Walionunua miaka ya nyuma hawakurudishiwa kitu.

Mwaka huohuo Concord, gemu la Sony, lilitoka Agosti 2024, likafungwa 6 Septemba, na wanunuzi wakarudishiwa pesa. Kwa hiyo wakitaka wanaweza. Nipe gemu lenye masharti ya kiwanja chako, mzee, nami sitalalamika tena.

FUNDI SIMU, LINDI MJINI

Mkuu unachanganya vitu viwili. Gemu la kucheza na watu wengine lazima liwe na seva, na seva inakula umeme, inataka mafundi. Wachezaji wakibaki kumi, nani alipe? Tena magari yale yana leseni za watengenezaji, nyimbo zina leseni zake, zote zina mwisho. Kampuni haiwezi kukuuzia milele kitu ambacho yenyewe imekodi.

MLETA MADA

Fundi, hakuna anayedai seva ziwake milele. Kampeni ya Stop Killing Games, aliyoianzisha mwana-YouTube Ross Scott 2024 baada ya hilo la The Crew, inachotaka ni kwamba siku mnazima, liacheni gemu katika hali ya kuchezeka. Ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilipita sahihi milioni 1 Julai 2025. Suala la leseni za magari nakubali ni gumu. Ila leseni ikiisha unaacha kuuza nakala mpya; iweje uje uchukue ya kwangu?

MWANAFUNZI WA SHERIA

Nyongeza fupi kuhusu kuuza tena. Ufaransa chama cha walaji kiliishtaki Valve, wenye Steam. Mahakama ya Paris mwaka 2019 ikasema mchezaji ana haki ya kuuza gemu alilolitumia. Rufaa ya 2022 ikaitengua. Kwa hiyo hata Ulaya wenyewe walivutana.

MWENYE BANDA

Mimi ndiye wa ile PS2 😂. Ndugu yangu, unaongelea mkataba, hebu tuambie akaunti yako umeandikisha wapi? Maana huku kwetu wengi tunaandika anwani za Marekani na Afrika Kusini.

MLETA MADA

Nimeandika mtaa wa Johannesburg ambao sijawahi kuukanyaga. Nchi yetu haikuwemo kwenye orodha ya PlayStation nilipofungua, na bila nchi hununui.

Najua maana yake. Nimetia tiki kwenye "nakubali" huku nimedanganya mstari wa kwanza, kwa hiyo wakinifungia kesho sina hata pa kuanzia kudai. Hilo linanikera kuliko seva zote: pesa yangu kutoka Mtwara wanaipokea bila shida, anwani yangu ya Mtwara hawana pa kuiandika.

Mwenye banda, ile PS2 nyingine iliyo kabatini bado unaiuza? Na CD zake?

MWENYE BANDA

Ipo. Njoo na hela taslimu, uondoke nayo mkononi.